Nani Kati Yetu Kapata Kazi?

Benchi la Iyunga liko upande wa kushoto wa barabara kuu, kwa mtu anayekwenda Tunduma, mbele ya duka la vipuri ambalo mwenyewe alilifunga akahamia Vwawa. Si benchi hasa. Ni gogo la msindano lililodondoka kutoka kwenye lori la Mafinga miaka minne iliyopita, na kwa kuwa dereva hakurudi kuliulizia, watu walilichonga upande mmoja wakalikalia. Mwenye birika ni Faustina Nsemwa, ambaye kijiwe kizima humwita Mama Goodness kwa jina la binti yake wa kwanza. Mwenye redio ni Anord Mwashilindi, aitwaye Taarifa, aliyekuwa fundi redio mpaka watu walipoacha kuharibikiwa na redio. Mwenye tumbo na mikono mfukoni ni Jofrey Mligo, mzaliwa wa Ubaruku, aliyewahi kuuza mchele. Huyo wanamwita Waziri. Na kijana mrefu aliyefika Jumamosi ile ya Julai, saa tatu kasoro robo, akipuliza moshi wa baridi mdomoni, ni Lutengano Mwaisaka. Wao humwita Futi, kwa sababu ya futi ya kupimia isiyotoka mfukoni mwake.

Kosa lake la kwanza asubuhi ile lilikuwa viatu. Alikuwa amevipiga dawa mpaka vinaonyesha mawingu. Kosa la pili lilikuwa shati lililopigwa pasi, na juu yake hakuvaa sweta, jambo ambalo mtu mwenye akili timamu halifanyi Mbeya mwezi wa saba.

Sababu alikuwa nayo, ila hakutaka kuisema. Saa sita mchana angeshuka stendi mtu mmoja kutoka Nyololo aitwaye Marcelino Kikoti, mjomba wake Severina, binti aliyetaka kumwoa. Barua ya posa ilikuwa imekwisha kufika Nyololo, na mshenga aliyeiandika, akitafuta maneno yasiyomfunga, alikuwa ameandika: "Kijana anajishughulisha." Mama yake Severina aliisoma sentensi hiyo mara tatu. Kisha akaikunja barua, akamwambia kaka yake: nenda Mbeya, niletee jibu moja tu, ana kazi au hana. Kama hana, barua irudi ilikotoka.

Lutengano hakuwa amewahi kumwona huyo mjomba. Alikuwa amejiandalia sentensi ya kumwambia, na usiku kucha aliirudia kitandani: "Mimi ni mpimaji ardhi, niko kwenye mradi." Upimaji ulikuwa wa kweli, cheti kilikuwa kwenye begi nyumbani. Mradi haukuwepo.

Kijiweni hakumwambia mtu. Mwaka uliopita, wakwe wa mwenzao Didas walipokuja, kijiwe kizima kilikwenda kuwalaki stendi, Waziri akatoa hotuba ya dakika arobaini, na baba mkwe akapanda basi lile lile alilokuja nalo. Kwa hiyo Lutengano alikuja gogoni kupasha mikono moto tu, anywe vikombe viwili, aondoke kimya.

Mwisho wa gogo alikaa mpita njia mmoja, mtu mzima, kofia ya sufu, koti zito, kikapu katikati ya miguu. Lutengano alimwamkia, mzee akaitikia vizuri, akarudi kwenye kikombe chake. Watu wa safari hushushwa hapo na malori kila siku.

— Nyamazeni! — alisema Taarifa, akiipandisha sauti redio. — Wanasema la ajira.

Redio ilisema kwamba kiwango cha ukosefu wa ajira nchini, ambacho ni kipimo kimojawapo cha afya ya uchumi, kimeshuka hadi asilimia... Hapo tenki la mafuta likapita na breki zake za kunguruma, na likaondoka na namba.

— Asilimia ngapi? — aliuliza Waziri.

— Imeenda na lori.

— Likimbilie basi! Litasimama mizani.

— Namba ya nini? Kimeshuka, imetosha. Kile kiwango ni kama joto la mgonjwa, Waziri. Likishuka, nchi inapona.

— Hata maiti hana homa, — alisema Mama Goodness, akimimina.

— Mama, usiiue nchi asubuhi.

— Siiui. Nauliza tu nani kamshika paji la uso.

Taarifa alishusha sauti ya redio. Kuelezea ndiko kulikomweka mjini.

— Sikilizeni. Wanaohesabiwa hawana kazi si kila anayekaa. Ni yule asiye na kazi halafu anaitafuta. Ukiacha kuitafuta, unatoka kwenye hesabu. Huonekani.

Waziri alitoa mkono mmoja mfukoni. Hilo lilikuwa tukio.

— Rudia hapo.

— Ukiacha kutafuta, huhesabiwi.

— Mimi tangu mwaka juzi sijaandika barua ya maombi hata moja.

— Ndiyo, huhesabiwi.

— Kwa hiyo kiwango kimeshuka kwa sababu yangu!

— Sehemu yako ipo.

Waziri alisimama. Alifunga kifungo cha koti, kikagoma, akakishika kwa mkono.

— Ndugu wananchi, mke wangu kila siku ananiuliza unafanya nini pale gogoni. Leo namjibu. Nashusha kiwango! Wenzangu wanahangaika na bahasha, wanaharibu afya ya uchumi, mimi nimetulia, uchumi unapata nafuu. Na tukitulia wote, nchi nzima, wiki moja tu, hakuna anayetafuta, kinafika wapi?

— Sifuri, — alisema Taarifa, na mwenyewe akaogopa jibu lake.

— Sifuri! Wazungu wenyewe hawana sifuri. Watapanda ndege kuja kutukopa.

— Mkitulia wiki nzima mtakunywa kahawa na nini? — aliuliza Mama Goodness. — Mimi nitafunga. Nikifunga nitaanza kutafuta kazi. Nikitafuta, kiwango chenu kinapanda.

— Mama, wewe usitafute!

— Na watoto wale sifuri?

Lutengano alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani, na akajipangusa haraka isidondokee shati. Taarifa aliuona huo uangalifu. Macho yake yalishuka taratibu kutoka kwenye shati hadi kwenye viatu, na yakabaki huko.

— Kuna njia nyingine kiwango kinashuka, — alisema. — Mtu anapata kazi.

— Wapi? — aliuliza Waziri.

— Popote. Kimeshuka nchi nzima, hakiwezi kushuka Dodoma na Mwanza halafu kikaruka gogo hili. Na hapa tuko watatu. Mama ana birika, huyo hayumo. Mimi sijapata. Wewe umetulia. Basi nani kati yetu kapata kazi?

Wote wawili walimgeukia Lutengano. Mama Goodness naye akageuka, birika likiwa hewani.

Hapa inafaa kueleza desturi ya gogo. Mtu akipata kazi hawezi kuondoka hivi hivi. Hununua birika zima, watu wanywe mpaka litoe masizi, kisha husimama na kuaga, na nafasi yake hupewa mwingine. Akija tena, huja kama mgeni na kukaa pembeni. Anayeficha kazi akaendelea kukalia gogo huhesabiwa mwizi. Na Lutengano, mfukoni mwake, alikuwa na fedha ya wali na samaki wa mgeni mmoja, basi.

— Mnaniangalia nini?

— Futi, — alisema Waziri kwa upole wa kutisha, — hivyo viatu vinakwenda wapi?

— Vimekaa hapa.

— Viatu vya kukaa havipigwi dawa. Mama Goodness, kaa kiti cha hakimu.

— Nimekaa tangu saa kumi na moja, — alisema Mama Goodness, akagonga kifuniko cha birika kwa kijiko. — Mahakama imeanza. Anayetaka kuongeza kahawa aongeze sasa.

Mpita njia mwenye kofia ya sufu aliongeza.

— Lutengano Mwaisaka, maarufu Futi, — alianza Waziri, — mkazi wa hapa hapa Iyunga, unashitakiwa kwamba umepata kazi na umeikalia kimya.

Yule mpita njia, aliyekuwa ameinua kikombe, alikishusha bila kunywa.

— Sina kazi, kaka.

— Apa.

— Naapa sina kazi.

— Jumatatu hukuwepo hapa. Ulikuwa wapi?

— Kwa Mama Devota, kule juu. Nilikwenda kuangalia mpaka wa kiwanja chake.

— Uliuangalia kwa macho?

— Kwa futi na kamba.

— Kuanzia saa ngapi?

— Saa moja asubuhi.

— Mpaka?

— Saa kumi. Nisingechelewa, ila jirani alikuwa na panga.

— Ulipima huku mtu ana panga?

— Sasa ningefanyaje? Nilimpa ashike upande wa pili wa kamba. Mtu akishika kamba kwa mkono mmoja na panga kwa mkono mwingine hawezi kurusha. Tulipofika kwenye kona ya nne aliliweka chini mwenyewe.

— Na sasa wakoje? — aliuliza Mama Goodness.

— Wamepanda michongoma pamoja.

— Kazi hiyo! — alipiga kelele Taarifa. — Mheshimiwa, andika!

— Si kazi, mzee! Huko ni kusuluhisha tu.

— Jumanne, — alisema Waziri.

— Jumanne nilishusha viazi, gari moja. Hiyo ilikuwa deiwaka, kibarua cha siku moja tu.

— Peke yako?

— Tulikuwa wawili, mwenzangu akaumwa mgongo.

— Kwa hiyo peke yako. Jumatano?

— Jumatano nilipitia msingi wa nyumba ya mchungaji. Mafundi walikuwa wameupinda kidogo, nikawawekea kamba upya.

— Walikuita?

— Niliuona nikiwa napita.

— Mnasikia? Kazi imemwona akipita barabarani, ikamwita!

— Kaka, kule ni kujishikiza!

— Alhamisi namjibia mimi hakimu, — alisema Mama Goodness. — Alikuwa kwangu. Kanichimbia mtaro wa bomba kutoka kwa jirani mpaka uani, mita arobaini, hauna kona hata moja. Maji yanakuja yakikimbia.

— Mama, nilikusaidia!

— Mtu husaidia mita tano. Arobaini hiyo ni ajira.

— Hukunilipa!

— Ulikula.

— Na jana, — Waziri alisema, na sauti yake ikapungua kidogo, kwa kuwa sasa alilazimika kujitaja, — jana jioni alikuwa anafundisha pembe na duara watoto wa kidato cha pili. Nina hakika kwa sababu mmoja ni wangu. Mercy alikuwa anapata sita. Sasa anapata sabini na moja, na ananisahihisha nikikata mkate.

— Kwa hiyo mnanifunga kwa kumfundisha mwanao?

— Sheria haina mtoto. Mheshimiwa hakimu, mshitakiwa ana kazi tano. Ameshusha kiwango peke yake, mara tano. Tenki la mafuta lilikuja kuchukua jina lake!

Taarifa alikuwa amekwisha simama kando ya Waziri. Hesabu ilikuwa imempanda kichwani.

— Hapana, subirini, ni zaidi! Kama kijana mmoja ana kazi tano, ina maana kuna wanne wengine mahali fulani hawana, yeye ndiye anazo! Iringa huko kuna wanne wamekaa kwenye gogo lao wanajiuliza kazi zimekwenda wapi! Huyu hashushi kiwango, anakihamisha!

— Irudishe ya Iringa! — alipiga kelele Waziri.

— Atoe birika, na la Iringa pia! — alisema Mama Goodness, akigonga kifuniko mpaka kijiko kikapinda.

Lutengano naye alisimama. Alikuwa anacheka, lakini macho yake yalikwenda angani. Jua lilikuwa linapanda. Saa sita ilikuwa inakuja na mtu wake.

— Sina kazi! Naapa mara ya pili, kwa kaburi la bibi yangu kule Tukuyu, sina kazi. Kazi mnaijua ninyi? Kazi ni barua. Ina muhuri na ina jina lako, limeandikwa sawa, Mwaisaka, siyo Mwaisoka. Kuna mtu anakwambia Jumatatu uje saa mbili, na usipokuja anauliza yuko wapi. Mimi nisipokuja kuna anayeuliza? Miaka minane, mzee Taarifa, tangu nipate cheti. Nimeandika maombi thelathini na moja. Nimeitwa usaili mara nne, mara zote Dodoma, na mara zote nimerudi na kalamu waliyonipa. Ningekuwa na kazi ningenunua mabirika matatu, ningewamwagia mpaka barabarani. Sina. Naapa mara ya tatu. Sina.

Akiwa bado amesimama, Lutengano alisikia alichokisema, na akajua kwamba ile sentensi ya mradi hataweza kuitamka tena kwa mtu yeyote, si saa sita wala saa saba. Alikaa.

— Basi, — alisema Taarifa kwa sauti ndogo, — kama bado unatafuta, wewe ndiye unayekipandisha.

Waziri alianza kucheka kwanza, kwa tumbo, bila sauti. Mama Goodness akafuata, na Lutengano, ambaye hakutaka, akawa wa tatu.

— Samahani, wenyeji.

Alikuwa yule mpita njia. Alikuwa ameweka kikombe chini, juu ya gogo, na mikono yake miwili juu ya magoti.

— Nimesikiliza kwa muda mrefu, nami sijasoma mambo ya asilimia. Kuna kitu kimoja tu sijakipata. Huyu kijana ana kazi au hana?

— Ana! — alisema Waziri, kisha akamwangalia Lutengano. Kama anayo, atalazimika kusimama na kuliaga gogo. Na Mercy atafundishwa na nani saa za jioni? — Yaani... anazo, lakini...

— Hana, — alisema Mama Goodness, kisha akakumbuka bomba. — Au niseme hana ya...

— Unauliza kitaifa, mzee, au hapa gogoni? — aliuliza Taarifa.

— Nauliza tu. Ana au hana?

Taarifa aliizima redio, kama vile ndiyo iliyokuwa inamzuia kufikiri. Maji yalikuwa yanachemka peke yake juu ya makaa.

— Nauliza kwa kuwa nimetumwa, — alisema yule mzee. — Ningefika saa sita, lakini lori la mbao liliniokota alfajiri, likanishusha hapa. Mimi ni Marcelino Kikoti, natoka Nyololo. Kamwene.

Hiyo ni salamu ya kwao. Lutengano alianza kuinuka, kwa adabu, viatu vikiwaka juani kwa aibu. Alimwamkia tena akiwa nusu amekaa, nusu amesimama, shikamoo ya pili kwa mtu yule yule asubuhi moja.

— Marahaba, mwanangu. Kaa.

— Mjomba, mimi... nilikuwa nataka kukueleza...

— Umeshaeleza.

Simu ililia ndani ya koti zito. Mzee Kikoti aliitafuta mfuko kwa mfuko, akaipata, akaiweka sikioni, na sauti ya mwanamke ikasikika mpaka kwenye birika, ikiuliza kutoka Nyololo bila kuanza na salamu.

— Ndiyo, dada. Nimefika. Nimemwona.

Sauti iliuliza tena, fupi.

— Hana.

Waziri alivua kofia. Mama Goodness alimshika Lutengano bega, na Lutengano akaangalia ng'ambo ya barabara, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

— Nimesema hana kazi, dada. Si maneno ya watu, kaapa mwenyewe, mara tatu, na mashahidi ninao hapa... Hapana. Hapana, usiikunje barua. Iache mezani. Kwanza vuta kigoda ukae... Nitakwambia kwa nini. Umekaa? Haya. Jumatatu alianza saa moja asubuhi, kiwanja cha mama mmoja...

Waziri alikuwa amekwisha kusogea mpaka karibu na simu, mikono yote miwili nje ya mifuko.

— Mzee, — alinong'ona, — usiruke la panga.

— Na jirani alikuwa na panga, dada. Ngoja, nakuja hapo.